Kipande cha Sokulu Kilichozikwa Mulekera

Mwaka jana babu yangu alikaa siku tatu akiwa amezikwa Mulekera, na siku hizo hizo alikuwa amelala Butembo kwenye kitanda cha hospitali, anakunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari. Kosa lilikuwa la shangazi yangu upande mmoja na la kinywa changu upande mwingine. Shangazi alishaenda kuungama kwa padiri. Mimi naungama hapa, maana padiri wetu ananijua sauti.

Babu tunamwita sokulu, kama watu wote wa kwetu. Yeye ananiita bibi yangu, yaani mke wake, kwa sababu kwetu mjukuu wa kike ni mke mdogo wa babu, na cheo hicho kinampa ruhusa ya kumtania mzee namna anavyotaka. Mukaka, nyanya yangu, ananihesabu mke mwenza. Nikishuka kwenye moto, ile pikipiki ya abiria, pale kwao Mulekera mjini Beni, ananisalimia mbele ya majirani: "Umekuya kuchukua muzee wako? Chukua na viatu vyake, vinanuka." Sokulu anasogea kwenye benchi ili nikae karibu, kisha anamwambia mukaka alete chai ya bibi mpya. Nimekulia katika mchezo huo. Sikuwahi kuzungumza na sokulu dakika tano bila kumchokoza, wala yeye hakuwahi kuniacha nishinde.

Alipoanza kutoka damu chooni alikaa nayo kimya msimu mzima wa maharagi, akisema ni pilipili ya mukaka. Walipompima Butembo wakakuta ni kansa ya utumbo wa mwisho, ule unaopakana na mlango wa nyuma. Hapo familia yetu ikapata shida mpya: hakuna mtu aliyeweza kutaja mahali penyewe. Baba aliwaambia wateja wake wa viazi kwamba mzee anaumwa tumbo. Mukaka alisema "chini ya tumbo." Mwalimu wa katekisimu aliomba rozari nzima kwa ajili ya "pale Mungu mwenyewe anapajua." Mimi nasoma section ya biochimie, biolojia na kemia, wakati huo mwaka wa tano wa sekondari, basi nilipataja mezani kwa jina lake la kitabu, na mama akaninyang'anya sahani kabla sijamaliza sombe, kisamvu chetu.

Daktari wake ni mtu wa Kasai, ametumwa huku na serikali. Kiswahili chake kinaishia kwenye "inauma wapi", kwa hiyo nilipewa kazi ya kumtafsiri, kwa sababu ya Kifaransa changu cha shule na kwa sababu mimi peke yangu sikuona haya. Siku moja kabla ya kupasua alituchorea kwenye karatasi. Alichora utumbo kama mpira wa baiskeli, pembeni yake mafuta, na ndani ya mafuta akatia tezi ndogo ndogo kama punje za maharagi. Alisema: ugonjwa ukiwa bado ndani ya ukuta wa utumbo, nikiukata umekwisha. Ukiwa umeingia kwenye punje hizi, umeanza safari, na kesho tunaweza kuukuta kwenye ini au kwenye mapafu. Macho yangu hayawezi kuona hayo. Kuna watu wenye mashine ya kukuza, wanakikata kile nitakachotoa vipande vyembamba kama karatasi, wanahesabu tezi moja moja. Wao ndio watatuambia mzee yuko wapi.

Sokulu aliuliza swali moja tu: "Batahesabu na miaka yangu?" Daktari akacheka, akasema watasaidia kuikisia.

Kwa hiyo nilijua. Sitadanganya kwamba sikujua kile kitu kilikuwa na maana gani.

Siku ya kupasuliwa tulikaa kwenye korido mimi na shangazi, dada mkubwa wa baba. Ni mama wa Legio ya Maria, anavaa bluu na nyeupe, hajui kucheka kabla ya saa sita mchana. Baba alikuwa njiani na lori, anatoka Kirumba. Tulisubiri mpaka makalio yakafa ganzi. Mwishowe daktari akatoka, jasho limemlowanisha, akasema mzee ameamka vizuri, mlango wa nyuma umefungwa kabisa na wamemfungulia dirisha tumboni, atavaa kifuko cha kupokea choo. Nyuma yake muuguzi alibeba ndoo ndogo nyeupe iliyokuwa ya rangi ya ukuta, imefungwa mfuniko na plasta kuzunguka, pamoja na bahasha.

Daktari akanipa maneno ya kumwambia shangazi. Ndoo iende Kampala, kwenye maabara iliyoandikwa kwenye bahasha. Iende wiki hii. Isifunguliwe, ndani kuna kile kipande na dawa ya kukihifadhi. Wafanyabiashara wa hapa wanapita mpaka wa Kasindi kila siku, mpeni mmoja mnayemwamini. Kisha akarudi ndani kwa mgonjwa mwingine.

Mimi nilikuwa na furaha. Sokulu ameamka. Nikiwa na furaha kinywa changu hakiniombi ruhusa. Nikampa shangazi ile ndoo kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka sadaka, nikasema: "Tantine, batupatia nyama ya sokulu. Mushikaki itatosha batu bote ba kwetu Mususa."

Shangazi alisimama. Alichukua ndoo, akachukua bahasha. "Weye," akasema, "siku moja Mungu atashona iyo kinywa na shindano."

"Mais tantine, ngoja, daktari anasema..."

"Hapana niambia kitu. Najua kazi yangu."

Akaenda. Nilisema ngoja mara moja. Mara ya pili sikusema. Niliwaza: barua anayo, ataisoma, na akikwama atapiga simu. Kisha muuguzi akaniita nimwone sokulu, nikasahau ndoo kama mtu anavyosahau mwamvuli.

Shangazi alisema anajua kazi yake, na kweli alidhani anaijua. Miaka michache nyuma, kaka yake mwingine alikatwa mguu baada ya ajali ya pikipiki. Hospitali iliwapa mguu umefungwa kwenye kitenge, na shangazi ndiye aliyeupeleka nyumbani kuuzika, kwa sababu kwetu kitu cha mwili wa mtu hakitupwi, kinarudi kwenye udongo wa parcelle yake, kiwanja chake mwenyewe. Akifika kwa Mungu akute yote. Basi shangazi alipanda gari la Beni jioni ile ile, ndoo mapajani, akafika Mulekera. Kesho yake asubuhi akachimba kati ya migomba miwili nyuma ya jiko la mukaka, akaimba nyimbo tano, akaweka na msalaba wa vijiti, majirani wakichungulia. Bahasha aliitia ndani ya kitabu cha nyimbo. Alidhani ni facture, hesabu ya malipo ya hospitali, na facture ni mambo ya baba.

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa sokulu alikuwa ameanza kukaa kitandani. Nilikuwa nimetoka shule, bado na uniforme, namnywesha uji, simu yake ikalia. Alikuwa rafiki yake wa zamani wa Beni, waliuza kahawa pamoja. Sokulu ni kiziwi kidogo, anaweka sauti juu, basi chumba kizima tulisikia.

"Allô. Poleni sana na musiba."

"Musiba wa nani?"

"Wa muzee."

"Muzee gani?"

"Muzee mwenye iyi simu. Nani anaongea, mutoto wake?"

Sokulu akaninyoshea kidole ninyamaze. "Ndiyo, ni mutoto wake. Ulisikia alikufa na nini?"

"Banasema tumbo."

"Na bamemuzika?"

"Bamemuzika juzi. Mais kaburi ni kadogo sana, batu banashangaa. Banasema alikonda."

"Alikonda kweli. Na weye ulipeleka nini ku matanga?"

"Kikapo ya maharagi."

"Kikapo moja," akasema sokulu kwa huzuni. "Na mimi kwa matanga ya mama yako nilitoa mbuzi."

Upande wa pili simu ikakatwa. Sokulu alicheka huku ameshika kidonda kwa mikono yote miwili, akilia kwa uchungu na kwa kicheko, na mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa hajasema neno tangu afike, naye akacheka mpaka mpira wa maji ukachomoka. Ndipo daktari akaingia kwa mzunguko wake. Akauliza kuna nini. Nikaanza kumtafsiria kwa Kifaransa, na nilipofika kwenye kaburi dogo nikasikia mwenyewe ninachosema.

Nilisimama katikati ya sentensi. Kijiko cha uji kilikuwa bado mkononi mwangu.

Daktari alivua miwani. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Aliniuliza kama nilimwambia shangazi maneno yote. Nikasema nilianza. Akanieleza taratibu, kama mtu anayefundisha: bila kile kipande, atakuwa anakisia. Ana mzee wa miaka sabini. Anaweza kumpa dawa kali za miezi sita ambazo labda hazihitaji, zimuangushe bure. Au anaweza kumwacha apumzike, kumbe ugonjwa uko njiani. Na mtu akimuuliza mzee ana muda gani, hatakuwa na kitu cha kujibu, hata cha uongo.

"Bibi yangu, anasema nini?" sokulu akauliza.

Nikamwambia yote. Niliyamwaga kwa haraka kama dawa chungu. Akajifuta machozi ya kicheko yaliyobaki.

"Basi wende umufukule bwana yako," akasema. "Na useme kwa mukaka, maharagi ya matanga aniwekee."

Kesho yake sikwenda shule. Baba alinipandisha gari la dereva anayemjua, akanilipia kiti cha mbele ili niwe na muda wa kufikiri, kama alivyosema. Nilifikiri hadi Beni. Niliwaza vipande vya nyama vinakaa siku ngapi kwenye udongo wa joto kabla ya kuoza. Kwa mara ya kwanza nilichukia biochimie, kwa sababu nilijua jibu.

Mulekera nilikuta mikeka uani. Wanawake walikuwa wanamenya ndizi, wengine wanaosha masufuria, na mukaka amekaa katikati amekasirika.

"Niko nabaambia tangu juzi," aliniambia kabla hata sijamsalimia. "Muzee haiko mufu. Nabaambia nimeongea naye ku simu. Banaangaliana, banasema maskini ya Mungu, huzuni imemuharibu akili."

"Ni kweli iko muzima?" jirani mmoja akaniuliza pembeni, kwa sauti ya chini, ili mukaka asisikie.

"Iko muzima. Anataka sukari ku uji."

"Na pale tulizika nani?"

Nikaenda nyuma ya jiko. Shangazi alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka kwake, amesimama karibu na msalaba wake wa vijiti, jembe tayari mkononi. Baba alishampigia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hukuniambia," akasema.

"Nilianza, tantine."

"Ulianza na mushikaki."

Nikanyosha mkono nichukue jembe, akanikatalia. Alichimba mwenyewe, pole pole, na kila akiondoa udongo aliuweka pembeni vizuri kama mtu atakayeurudisha. Majirani walikuja wakasimama nyuma yetu. Mmoja alisema hajawahi kuona batu banafukua mutu kabla ya arobaini. Shangazi akamwambia anyamaze au achimbe.

Jembe likagonga plastiki.

Alikuwa amezika ndoo nzima. Mfuniko ulikuwa umefungwa, plasta ya hospitali ilikuwa bado imezunguka, ina udongo tu juu yake. Niliishika, nikaitikisa kidogo sana, nikasikia ile dawa inacheza ndani. Nilimgeukia shangazi. Nadhani nilikuwa nalia.

"Tantine, hukufungua?"

Aliniangalia kama nimemtukana. "Nifungue niwone nini? Ni baba yangu. Mutoto anaangalia pale pa baba yake?"

Mguu wa kaka yake alikuwa ameutoa kwenye kitenge, akauosha, akaulaza udongoni wenyewe. Kama kile kipande kingekuwa mkono au mguu, kingekuwa kimeoza. Haya ya shangazi, ile ile niliyoichekelea mwezi mzima mezani, ndiyo iliyokitunza. Nilitaka kumwambia hivyo, badala yake nikamfuta udongo kwenye kanga.

Mchana huo huo tulimpata mama mmoja jirani wa mukaka anayepeleka dengu Kasindi na kuendelea Kampala kununua vitenge. Alikuwa anafunga mizigo. Akaangalia ndoo, akaangalia bahasha ambayo shangazi aliitoa kwenye kitabu cha nyimbo.

"Ni nini?"

"Ni baba yangu," shangazi akasema.

"Iko na barua?"

"Iko nayo."

"Basi ku mupaka atapita," yule mama akasema, akaiweka kati ya miguu yake, akaifunika na kitenge.

Jibu lilichukua wiki tano. Katika wiki hizo mama alinituma kuchagua maharagi kila jioni kabla ya chakula, na mimi nikaanza upuuzi wa kujiwekea sharti: nikichota konzi moja isiwe na hata punje moja iliyoliwa na wadudu, sokulu ataishi. Maharagi ya soko la Butembo hayajui huruma. Nilichota konzi nyingi. Mama aliona, na siku iliyofuata alinunua maharagi mazuri zaidi.

Yule mama wa vitenge alirudi na karatasi mbili zilizopigwa mhuri. Tulikaa watatu mbele ya daktari: sokulu na kifuko chake chini ya shati, shangazi na daftari, mimi katikati. Daktari alisoma mpaka mwisho kabla ya kufungua kinywa. Kisha akasema, nami nikatafsiri, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Pale alipokata ni pasafi pande zote. Ugonjwa ulikuwa umepita ukuta wa utumbo. Wamehesabu tezi kumi na nne. Kumi na mbili ni nzima. Mbili zimeingiwa.

"Mbili," sokulu akasema.

Mbili. Maana yake ulikuwa umeanza kutembea. Maana yake dawa zinahitajika, zile za miezi sita, na kama asingezipata ungekuwa na nafasi kubwa ya kurudi. Na hata akizipata unaweza kurudi. Mara nyingi ukirudi unarudi katika miaka ya kwanza, ndiyo maana watakuwa wanampima damu na kumwangalia ini kila miezi mitatu. Akipita miaka hiyo salama, kila mwaka unaoongezeka unamsogeza karibu na watu wenye afya zao.

"Na miaka yangu?"

Daktari akasema anajua kinachowapata watu wengi wa namna yake wakihesabiwa pamoja. Mtu mmoja peke yake, hajui. Anaweza kusema njia si mbaya na si nzuri sana. Mwezi uliopita asingeweza kusema hata hilo.

Nilitafsiri hilo pia. Sauti yangu ilikuwa ya mtangazaji wa vifo redioni. Sokulu aliniangalia, akamwangalia daktari, kisha akarudi kwangu.

"Bibi yangu, naogopa sasa," akasema. "Si juu ya tezi. Juu yako. Tangu tuingie humu hujanitukana hata mara moja. Niko nakufa?"

"Hapana, sokulu."

"Basi niambie kama weye."

Nilivuta pumzi. "Donc, ni hivi. Matako yako ilikuwa na bawezi. Daktari amebakamata bote, na nyumba yao amechoma. Mais wawili balikuwa bameshafika ku barabara. Kama kuko wa tatu alipita mbele, hatumujue. Ndiyo maana tutaweka barrière ya kukagua kila miezi tatu, na miezi sita tunapiga dawa ku pori yote."

"Ah," sokulu akasema. "Sasa nimesikia."

Shangazi alikuwa anaandika. Alisimamisha kalamu kwenye neno matako, akaliruka, akaendelea.

Dawa zilikuwa Butembo, basi sokulu alihamia kwetu Mususa, mjini humo, chumbani kwangu, nami nikahamia kwa wadogo zangu. Dawa zilimshika. Vidole vilikufa ganzi, chakula kikawa na ladha ya misumari, kuna wiki alilala akitazama ukuta, hataki mtu. Siku hizo niliingia tu, nikakaa, nikasoma masomo yangu kwa sauti, maana alisema kemia inamletea usingizi. Kifuko chake kilikuwa kinatoa sauti kinapotaka, mara nyingi wakati wa kubariki chakula. Mwanzoni alishtuka na kuona aibu. Nikamwambia siku hizi yeye ni mtu pekee nyumbani anayejamba mbele ya watu na hawezi kukanusha. Alitafuta cha kunirushia, akakosa, akarusha rozari.

Wiki iliyopita ilikuwa mara ya pili kumpima tangu amalize dawa. Shangazi hakuweza kuja, barabara ya Beni ilikuwa mbaya, akasema nimpigie hapo hapo. Nilisimama uani mwa hospitali, sokulu ameketi karibu yangu anafungua kinywa kwa ndizi, shangazi kwenye simu.

"Sema," akasema. "Pole pole. Niko na daftari."

"Damu iko muzuri, ile alama ya kansa ndani yake imeshuka tena. Ini haina kitu. Mapafu haina kitu. Daktari hakusema amepona. Amesema leo haoni kitu, na turudi kisha miezi tatu."

Nilisikia kalamu.

"Hakusema amepona."

"Hakusema."

"Amesema leo haoni kitu."

"Ndiyo, tantine. Ini na mapafu."

"Na turudi lini?"

"Kisha miezi tatu."

Nilisikia karatasi inageuzwa.

"Rudilia yote," akasema. "Tangu damu."

Nikarudilia yote, tangu damu.